Mkia Usipoitika

Kijijini, nje ya Kaliua
4 Novemba 2023

Kwako mwanangu Sixbert,

Wangaluka! Najua utaitika "mhola" kwa Kinyamwezi chako cha mjini kilichovunjika mguu. Shikamoo uliyoniachia stendi naiitikia hapa: marahaba. Nilifika salama. Basi liliharibika mara moja tu, na Masanja kondakta alinipa kiti cha mbele kwa kuihurumia shingo yangu. Yeye ndiye anayekuletea barua hii, na jibu lako umpe yeye. Simu usinipigie. Mtandao huku mpaka upande kichuguu cha nyuma ya shule na kupaza sauti, na daktari amesema hii sauti iliyobaki niitumie kama chumvi ya mwisho ya kopo.

Julieth binti yangu hajambo. Anapanda mahindi kabla mvua haijashika, nami namcheka tu. Mbuzi mweupe amezaa. Mwambie kaka yangu Valentino, baba yako, kwamba tumbaku ya jirani yake wa zamani imeungua yote bani, kwenye banda la kukaushia, asije akasikia kwa watu.

Sasa nije kwenye neno langu.

Siku ile studio kwako Kanyenye ulinivisha yale mavikombe ya masikioni ukasema, "Shangazi, imba." Nikaimba wimbo wa mzigo, ule wa babu yetu mpagazi aliyebeba meno ya tembo kwenda pwani. Pengine wewe hukufundishwa unavyokwenda. Mbele ya msafara anaimba kichwa, na nyuma kabisa anaitika mkia kwa maneno yaleyale. Kwa kuwa mkia uko mbali, sauti yake huchelewa. Kichwa hakianzi mstari wa pili mpaka mkia umeitika, maana ndivyo kinavyojua hakuna aliyeanguka njiani. Mkia usipoitika, kichwa kinatua mzigo. Mimi nilikuwa kichwa, na pacha wangu Doto alikuwa mkia. Tumeimba hivyo tangu tukibeba kuni.

Basi, Sixbert, Doto aliitika.

Usicheke. Kabla sijamaliza mstari nilimsikia masikioni, nyuma yangu kidogo, palepale anapoingiaga. Nikampisha amalize. Nikaanza wa pili, akaja tena. Sikukwambia kwa sababu mkeo Elieth alikuwa amesimama mlangoni na chai, ningemwagisha birika bure.

Huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike. Siku ya msiba bibi yako alitukataza kulia. Pacha haliliwi, alisema, kilio kikisikika kitamwita na aliyebaki. Nilikaa jamvini nikiuma khanga. Bibi yako naye ametangulia, lakini katazo lake halikuzikwa naye. Sijamlilia mwenzangu mpaka leo.

Hospitalini Mwanza wamesema Februari watanikata koo, na baada ya hapo sauti basi. Siku ile niliimba mistari mitatu nikachoka. Nitakuja kabla ya Krismasi tuumalize wimbo, mimi na yeye. Mashine yako iache kama ilivyokuwa.

Shangazi yako,
Josepha Kulwa


Kanyenye, Tabora
19 Novemba 2023

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Barua yako ilifika na vumbi lake lote. Sisi hatujambo. Mguu wa baba umevimba tena, ila Jumapili alijikongoja mpaka kanisani na kurudi akilalamikia mahubiri, kwa hiyo nadhani ni mzima. Elieth anakusalimu. Cherehani yake inaendelea vizuri kuliko studio yangu, maana vijana siku hizi wanajirekodi kwa simu chumbani, halafu wanakuja kwangu kuomba niwasafishie bure.

Shangazi, nimesoma habari ya Shangazi Doto mara mbili. Nakuomba unisikilize bila kuniita mtoto.

Kompyuta haimezi sauti palepale inapotoka kinywani. Inaikinga kwanza kwenye kibakuli, kikijaa inakimimina, kisha inakinga tena. Kibakuli hicho tunakiita bafa. Ukikiweka kikubwa, kompyuta inafanya kazi kwa raha, lakini sauti inachelewa kurudi masikioni kwa sababu lazima kibakuli kijae. Ukikiweka kidogo, sauti inarudi upesi, ila kompyuta kuukuu kama hii yangu inakimbizana na vibakuli mpaka inapaliwa, na unasikia ta-ta-ta kama bisi kwenye sufuria. Siku ile niliogopa hizo bisi, nikaweka kikubwa kabisa, elfu mbili na arobaini na nane kwa hesabu ya kompyuta. Fundi mwenye akili timamu hamrekodi mtu hivyo. Uliyemsikia ni wewe mwenyewe, Shangazi, ukirudi kwa kuchelewa.

Niwie radhi kwa kukuchanganya. Nimeshairekebisha. Nimefuta kila programu isiyo na kazi na kushusha bafa mpaka mia moja ishirini na nane. Sasa ukiimba utajisikia papo hapo. Vilevile zile sehemu ulizokuwa unanyamaza katikati ya mistari nimezikata, na wimbo unakimbia vizuri. Nimemsikilizisha baba, akatikisa kichwa.

Njoo tu. Safari hii hakutakuwa na dosari.

Mwanao,
Sixbert


Kijijini
20 Desemba 2023

Kwako Sixbert,

Marahaba, mwanangu. Mvua imeshika mpaka imepitiliza, mahindi ya Julieth yanaogelea na aliyecheka sasa anachekwa. Mwambie Elieth gauni limenikaa sawasawa. Na unisamehe kwake kwa kuondoka bila kula. Ugali wa mwenyeji kuachwa mezani ni fedheha, najua, nimelelewa.

Ulinisindikiza stendi bila kujua kilichonitoa kwako. Sasa niseme.

Siku ile ya pili ulinivisha mavikombe, nikaimba mstari wa kwanza, nikangoja. Hapakuwa na mtu. Ukanionyesha kwa kidole, "Endelea, Shangazi." Niendelee kwenda wapi? Nikajikaza nikaanza wa pili, na sauti yangu ikanibana masikioni palepale nilipoitoa, kama mtu anayenisemea mdomoni. Ukazima, ukasema mashine imetoa bisi, turudie. Nikarudia. Ukazima tena. Mara ya nne koo likafunga, na wewe ukadhani ni ugonjwa.

Haukuwa ugonjwa. Nilikuwa nimesimama porini nimeita na sijajibiwa.

Barua yako ya kibakuli niliisoma na niliielewa, usidhani shangazi yako ni kisiki. Sikuja kwako kubishana kuhusu mashine. Nilikwambia uiache, ukaitengeneza. Tena umekata pale nilipokuwa nikimpisha mwenzangu ukaita kunyamaza.

Nimebakiwa na sauti kidogo sana. Asubuhi inakuja, mchana inakwenda. Kama hicho kibakuli kikubwa kinaweza kurudi, niandikie nami nitakuja kabla ya Mwanza. Kama hakiwezi, usiniandikie maneno mengi.

Shangazi yako,
Kulwa


Kanyenye
2 Januari 2024

Shangazi yangu, shikamoo. Heri ya mwaka mpya.

Baba anakusalimu, mguu umepungua. Elieth hakukasirika, ugali ule niliula mimi kwa uchungu mpaka nikavimbiwa.

Kibakuli kimerudi. Elfu mbili na arobaini na nane, kama siku ya kwanza, na karatasi nimeibandika juu ya kioo cha kompyuta nisije nikajisahau. Zile nafasi zako nazo nimezirudisha. Programu hizi zina wema huo mmoja, ukikata kitu hazikitupi, zinakificha tu. Jana niliusikiliza wimbo ulivyokuwa mwanzo. Kwenye nafasi ya pili unasikika unavuta pumzi taratibu, kama mtu anayesikiliza. Sijui nilikuwa na haraka gani ya kukata pale.

Nilikosa, Shangazi. Nilitaka kukuonyesha kwamba kazi naijua.

Kuna jambo moja la kiufundi, nitakueleza ukishafika, si la kuandika. Wewe njoo siku yoyote. Sipokei kazi nyingine mpaka upite.

Sixbert


Kanyenye
28 Januari 2024

Shangazi, shikamoo.

Naandika kwa kifupi. Masanja hajaonekana stendi tangu nilipompa barua ya mwaka mpya. Wenzake wanasema basi lake limezuiwa na maji ng'ambo ya mto, wengine wanasema anaumwa malaria yuko kwao. Simu ya Julieth haipatikani. Nimetuma barua hii kwa dereva wa lori la mbao, simjui vizuri.

Njoo. Mashine iko tayari, kila asubuhi naiwasha.

Sixbert


Kijijini
10 Machi 2024

Kwako mwanangu Sixbert,

Marahaba zako zote mbili, maana barua zako zote mbili zimenifikia siku moja. Masanja alikuwa mgonjwa kweli, na ile ya mwaka mpya alilala nayo mfukoni. Alikuja mwenyewe kunipa, amekonda, analia kama yeye ndiye aliyekata. Nikamshika mkono. Ningemwambia nini, na kwa mdomo upi?

Imekwisha, Sixbert. Mwanza walimpata Julieth kwa simu kichuguuni katikati ya Januari, kitanda kimepatikana, njooni sasa. Tulivushwa mto kwa mtumbwi na kupanda gari la mizigo. Nina tundu shingoni na mrija. Chakula napitisha, maumivu nayapitisha, sauti haipiti. Mbuzi nawaita kwa kugonga sufuria, na yule mweupe amekataa kuja kwa sufuria.

Nikwambie jambo, nawe usijipige nalo. Tulibadilisha gari Tabora. Tulikaa stendi kitambo kirefu tukingoja la Mwanza. Asubuhi ile sauti ilikuwepo, nilimwomba muuza maji chupa akanisikia vizuri. Julieth akataka kukupigia. Nikamkataza. Nilisema, mtoto ameshaitengeneza mashine yake, tusimsumbue. Nikatazama upande wa Kanyenye mpaka basi likaja.

Sikujua kwamba karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye kioo.

Maji yakimwagika hayazoleki. Sasa nakuomba kitu kimoja. Ile mistari mitatu ya siku ya kwanza, tuliyoimba sisi wawili, iweke kwenye flashi umpe Masanja. Julieth ana redio ya kuchomeka. Nataka kumsikia Doto akiitika, hiyo tu.

Kulwa


Kanyenye
24 Machi 2024

Shangazi yangu, shikamoo.

Baba ameisoma barua yako akaingia chumbani, hakutoka mpaka chakula cha jioni. Elieth anakusalimu. Mimi sijambo.

Si kweli, mimi nina jambo. Kutoka stendi mpaka mlangoni kwangu ni mwendo wa bodaboda dakika chache. Nilikuwa ndani. Nilikuwa nimewasha.

Basi. Nije kwenye lile jambo la kiufundi, ambalo sikutaka kuliandika kwa sababu nilijua ukilijua huenda usije. Shangazi Doto hayumo kwenye rekodi. Kompyuta inahifadhi sauti inayoingia kwenye maiki, haihifadhi ile inayokurudishia masikioni. Tena inajua imechelewa kiasi gani, kwa hiyo inaisogeza sauti yako mahali pake, ucheleweshaji wote unafutika. Kilichomo ni sauti yako, halafu kimya, halafu sauti yako. Yeye alikuwepo kati ya maiki na masikio yako tu, kwa muda ule uliokuwa unaimba. Usipoimba, hakuna kinachorudi.

Ningekueleza haya ukiwa umeshakaa kitini na mavikombe masikioni, na ungeimba hata hivyo, nakujua.

Nimejaribu hivi. Nimeinakili sauti yako, nikaisogeza nyuma kwa kipimo kilekile cha bafa ya siku ile, nikaipunguza kidogo ili isikike kama iko mbali. Nimeifanya na kuifanya upya wiki nzima. Elieth anasema inatisha jinsi inavyofanana na watu wawili. Imo kwenye flashi hii. Naomba ikufae.

Mwanao,
Sixbert


Kijijini
28 Aprili 2024

Sixbert mwanangu, marahaba.

Karanga zimekubali mwaka huu, za kwetu peke yake zimejaza ghala, Mungu naye ana mizaha yake. Mbuzi mweupe amejizoesha sufuria.

Nimesikiliza. Umefanya kazi, nimeona, na fundi asiyesifiwa hunyong'onyea, kwa hiyo nakusifu. Lakini huyu si Doto. Umeniweka mimi wawili.

Najua utasema hata siku ile ilikuwa mashine. Najua, Sixbert. Nilijua hata siku ile, nadhani, mtu hawezi kusahau sauti yake mwenyewe ilivyo. Ila siku ile nilikuwa naimba huku nikimngoja mtu, na nilipomngoja alikuja. Nikivuta, alivuta. Nikikatisha kwa kukohoa, naye alikohoa, nikataka kucheka. Huyu wa kwenye flashi hanihitaji. Anafuata tu, hata nikitoka nje kwenda kuokota kuni anaendelea kufuata.

Julieth aliisikiliza akasema nzuri, mama. Nikamwandikia kwenye kibao changu: izime.

Nitumie ile yenye kimya. Usiongeze kitu, usipunguze.

Kulwa


Kanyenye
12 Mei 2024

Shangazi, shikamoo.

Hii hapa. Mistari mitatu na nafasi tatu, kama ulivyoziacha. Hata kikohozi chako sijakigusa.

Naomba muitunze hiyo flashi, msimwazime mtu. Kompyuta ilizimika wiki iliyopita ikakataa kuwaka, na fundi amesema kilichomo hakitatoka. Nilikuwa nimeutoa wimbo wako siku mbili kabla, kwa bahati tu. Chumba cha studio nimekirudisha kwa mwenyewe. Nipo barazani kwa Elieth nashona vifungo, na si mzaha. Ile karatasi ya kwenye kioo niliibandua nikaitia kwenye pochi, sijui kwa nini.

Baba anakusalimu.

Sixbert


Kijijini
16 Juni 2024

Kwako mwanangu Sixbert,

Marahaba. Kama vifungo vinakupa ugali, shona vifungo, hakuna aibu. Mwambie Valentino aje anione kabla mguu haujamkataza kabisa. Hatuna mengi ya kusema, mimi zaidi, lakini aje.

Flashi ilifika. Siku Masanja alipoileta nilikuwa na wanawake uani wananisaidia kumenya karanga. Nikamwambia Julieth kwa mkono, chomeka. Nilidhani kwa kuwa ni wengi, na wengine ni wa umri wangu, yuko atakayejua la kufanya.

Nikasikia sauti yangu. Ilikuwa nzuri, Sixbert, hukuniambia ilikuwa nzuri kiasi kile. Mstari wa kwanza ukaisha, kikaja kimya. Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema, "Imekwama hiyo, igonge." Hakuna aliyejua kwamba anaitwa. Wimbo huu tulibaki nao wawili tu, na hatukumfundisha mtu kwa sababu kila mmoja alikuwa na mwenzake.

Mstari wa pili ulipoisha nikaelewa kwamba zamu ni yangu. Kichwa kilikuwa kwenye redio, kinangoja, na mkia uliobaki duniani ni mimi. Nikafumbua kinywa. Pumzi ikatokea shingoni, kwenye mrija, fyuu, na mtoto wa jirani akacheka, akapigwa kofi na mama yake. Redio ikaendelea na mstari wa tatu kama aliyejibiwa.

Walipokwenda zao nikaucheza tena peke yangu. Mstari wa kwanza, kisha kimya. Nikangoja. Nikakisikia vizuri safari hii, kirefu, na ile pumzi uliyoniandikia. Ndani yake hakuna mtu, umesema kweli. Mkia haujaitika.

Basi nikafanya anachofanya kichwa. Nilitua mzigo, nikakaa chini kwenye maganda ya karanga, nikamlilia Doto. Nililia miaka mitatu yote, mdomo wazi, mpaka mbavu zikauma. Bibi yako alikataza kilio kusikika, nami nimemtii. Julieth alikuwa hatua chache kutoka nilipokaa, amenipa mgongo, anatwanga, na hakugeuka.

Kulwa